Kuku wa Kwanza Uani: Yupi Anastahili Fedha Yako Singida

Ukiingia duka la pembejeo Singida ukasema unataka kuanza kufuga kuku, utaulizwa papo hapo unataka aina gani. Kabla hujajibu, jiulize: kila mwezi unaweza kutenga shilingi ngapi za chakula cha kuku bila kugusa ada ya mtoto wala unga wa nyumbani? Kifaranga unamnunua mara moja, lakini chakula unakinunua kila siku, hata siku ambayo hakuna yai. Wengi wanaofunga banda ndani ya mwaka wa kwanza huwa walilinganisha bei ya kifaranga, wakasahau kulinganisha bei ya kumtunza.

Tulinganishe basi kuku kwa gharama yote: bei ya kununua, chakula, chanjo, nauli, vifo, na urahisi wa kumpata mwingine yule wa kwanza akiisha. Namba za shilingi humu ni za kupigia hesabu. Bei hupanda na kushuka kwa msimu, na bei ya Kiomboi si lazima iwe ya Itigi. Chukua kalamu, weka bei ya dukani kwako. Kilo za chakula na idadi ya mayai ndizo zisizobadilika sana, kwa hiyo hizo zishike.

Kuku wa kienyeji: bei nafuu, mwendo wa taratibu

Singida ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Kuku wa kienyeji wako kila kijiji, kuanzia Mkalama hadi Manyoni, na jina lao limefika mbali. Wachuuzi hupita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli na pikipiki, wanajaza matenga, na kuku wanapanda magari kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Maana yake kwako ni mbili: mbegu unaipata karibu bila nauli kubwa, na siku ya kuuza mnunuzi anakufuata mlangoni.

Kuku huyu hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa awamu za mayai kama 12 au 15, kisha anaatamia na kulea. Tetea aliyekomaa huwa na kilo moja na kidogo, jogoo karibu kilo mbili. Huchukua miezi sita hadi minane kufikia kutaga. Kwa mayai ya kuuza kila siku, hafai. Kwa kuzaliana na kuuza kuku hai, ana faida, kwa sababu anajitafutia sehemu kubwa ya chakula chake.

Tupige hesabu. Matetea watano kwa shilingi 14,000 kila mmoja ni 70,000. Jogoo mmoja mzuri 22,000. Jumla 92,000. Ukiwaongezea gramu 40 za mtama, pumba na mashudu kwa kuku kwa siku, kuku sita wanakula kama kilo saba kwa mwezi. Kwa shilingi 700 kwa kilo, ni takribani 5,000 kwa mwezi. Hakuna aina nyingine humu inayoingia kwa fedha hiyo.

Gharama iliyojificha ni vifo vya vifaranga. Matetea watano wakitotoa mara tatu kwa mwaka, kila mmoja vifaranga kumi, unapata vifaranga 150. Wakiachwa watembee na mama yao tangu siku ya kwanza, mwewe, kicheche, baridi na njaa vinaweza kukuachia watatu tu katika kila kumi. Hao ni 45. Ukiwafungia kwenye tenga au kizimba wiki nne za mwanzo, ukawapa chakula na maji humo humo, ukabakiwa na saba katika kumi, unafikisha 105. Tofauti ni kuku 60. Hata ukiuza kila mmoja kwa 10,000 tu, hizo ni laki sita zilizoletwa na tenga na madebe machache ya chakula.

Kuna faida ya pili kwenye tenga hilo. Mama akiondolewa kwa vifaranga mapema, baada ya wiki tatu au nne badala ya miezi miwili au mitatu, anarudi kutaga haraka. Bila hivyo, awamu tatu kwa mwaka ni ndoto.

Ndani ya kienyeji wenyewe, chagua kwa kazi. Kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, huvumilia joto vizuri. Kuchi ni mrefu, mzito na jogoo wake ana bei kubwa, lakini tetea wake hutaga kidogo na wenyewe kwa wenyewe hupigana. Kwa kundi la kwanza, kuchi anafaa kuwa jogoo mmoja wa kuongeza umbo, basi. Usijaze uani.

Chotara: Kuroiler na Sasso

Hawa ndio wanaotajwa sana siku hizi. Kuroiler ametengenezwa India mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sasso ametoka Ufaransa. Wote ni kuku wa nyama na mayai kwa pamoja, wenye rangi rangi zinazofanana na za kienyeji. Kuanzia mwaka 2014, mradi wa African Chicken Genetic Gains ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ukishirikiana hapa nchini na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, uliwapeleka kwa wafugaji wa vijijini ili wapimwe katika mazingira ya kawaida ya uani. Kwa hiyo kuku hawa si wageni kwa banda la udongo.

Sifa yao ni kasi. Jogoo wa chotara aliyelishwa vizuri anafika kilo mbili mapema sana kuliko wa kienyeji, na akikomaa hupita kilo tatu. Tetea wake anaweza kutaga kama mayai 150 kwa mwaka. Lakini maneno "aliyelishwa vizuri" ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Ukimwachia ajitafutie kama kienyeji wakati wa kiangazi, mwili wake mkubwa unadai chakula ambacho uani hakipo. Anakonda, anaacha kutaga, na ugonjwa unamkuta dhaifu. Tena ni mzito, mwewe akishuka anachelewa kukimbia.

Gharama ya pili isiyotajwa dukani: chotara hawaatamii, au huatamia mara chache sana. Kundi likizeeka unarudi dukani kununua vifaranga vipya, isipokuwa una njia nyingine. Na ukimchanganya chotara na chotara ukatotolesha mwenyewe, watoto hawatoki sawa na wazazi. Mmoja atakua haraka, mwingine atadumaa, na kizazi cha tatu kitakuwa kimepoteza mengi ya kile ulichokilipia.

Njia nafuu ipo. Weka matetea wawili au watatu wa kienyeji wenye tabia nzuri ya kuatamia, uwawekee mayai yaliyorutubishwa. Siku 21 baadaye una vifaranga bila umeme wala mashine. Mashine za kutotolesha za mjini hutoza kwa yai au kwa trei, na umeme ukikatika usiku bila jenereta, hasara mara nyingi inabaki kwako. Kabla ya kupeleka mayai, uliza wazi: nalipia mayai niliyoleta au vifaranga vilivyotoka?

Wa siku moja au wa mwezi mmoja?

Hapa ndipo fedha nyingi za mwanzo hupotea. Kifaranga wa siku moja anaonekana rahisi: tuseme 2,200. Wa mwezi mmoja ni 6,000. Anayeanza anaona tofauti ya 3,800 na kukimbilia wa siku moja.

Tupige hesabu ya vifaranga 20 wa siku moja hadi wafike mwezi. Vifaranga 44,000. Nauli ya boksi na bodaboda kutoka stendi 15,000. Chakula cha kuanzia kilo 18, kwa 1,600 ni 28,800. Mkaa wa kuwapasha joto 20,000. Chanjo za magonjwa ya kideri na gumboro 12,000. Jumla 119,800. Wakibaki wote 20, kila mmoja amekugharimu 5,990. Umeokoa shilingi kumi.

Wakifa wanne, jambo la kawaida kwa mikono mipya, waliobaki 16 wamekugharimu karibu 7,490 kila mmoja. Ungenunua wa mwezi mmoja ungekuwa mbele, na usiku ungelala.

Singida ina sababu ya ziada. Mji uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake unajulikana. Usiku wa Juni na Julai baridi inapenya kwenye kila tundu la banda, na mkaa unaisha kabla ya alfajiri. Vifaranga vikipata baridi vinarundikana pembeni, wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unahesabu maiti.

Kwa vifaranga chini ya 50, nunua wa mwezi mmoja. Ukifika 100 na kuendelea, na una mtu wa kuamka usiku, wa siku moja wanaanza kuwa na maana, kwa kuwa nauli na mkaa havipandi sambamba na idadi.

Unaponunua wa mwezi mmoja, dai kuandikiwa kwenye karatasi chanjo walizopata na tarehe zake. Anayeuza wa mwezi bila kumbukumbu ya chanjo anakuuzia wasiwasi. Mwache.

Kuku wa Malawi

Huyu ni Black Australorp, kuku mweusi mwenye asili ya Australia. Anataga vizuri, ni mpole, ana nyama ya kutosha. Tofauti na chotara, ni kuku wa ukoo safi: ukipata jogoo na matetea halisi, watoto watafanana na wazazi, na huhitaji kurudi dukani kila mara. Kwa mtu anayetaka kuzalisha mbegu yake mwenyewe, hiyo ni faida kubwa.

Tatizo ni kumpata aliye halisi. Kuku yeyote mweusi sokoni anaweza kuitwa "Malawi", na bei ikapanda hapo hapo. Kifaranga halisi si mweusi mtupu: huwa na weupe au unjano tumboni na kwenye ncha za mbawa. Mkubwa ana manyoya meusi yenye mng'ao wa kijani juani. Omba kuwaona wazazi. Ukikataliwa, lipa bei ya kienyeji au ondoka.

Kuku wa mayai wa kisasa

Huyu huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na akitunzwa vizuri anakaribia mayai 300 kwa mwaka. Hakuna mwingine anayemfikia. Lakini ni kuku wa mfuko wa chakula. Hajitafutii, haatamii, na siku chakula kikibadilishwa au maji yakikatika, kesho yake unaona kwenye trei.

Mpaka yai la kwanza, kila kuku amekula kama kilo nane. Kwa 1,400 kwa kilo ni 11,200. Ongeza kifaranga 3,000, unapata 14,200 kabla hujaona yai. Kuku 20 ni 284,000, zimetoka kidogo kidogo kwa miezi mitano bila kitu kurudi.

Akianza kutaga, anakula gramu 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2.4, yaani 3,360 kila siku, karibu laki moja kwa mwezi. Wakitaga mayai 16 kwa siku ukauza kwa 300, unapata 4,800. Inabaki 1,440. Kwa mwendo huo, kurudisha ile 284,000 kunachukua miezi sita na nusu, kabla ya kuhesabu dawa, banda na kuku waliokufa.

Shika namba moja zaidi: kumi na moja. Mayai yakishuka hadi 11 kwa siku unapata 3,300, na chakula ni 3,360. Hapo unawalisha kwa hasara. Joto la Oktoba, ugonjwa mdogo au mfuko wa chakula hafifu vinatosha kukufikisha huko. Ndiyo maana kuku wa mayai hafai kwa mtu anayetegemea kwamba mayai ya leo yatanunua chakula cha kesho. Uwe na akiba ya chakula cha mwezi mzima kabla hawajaanza kutaga.

Anamfaa nani? Mkazi wa mjini, karibu na shule, hoteli au vibanda vya chipsi, mwenye wanunuzi wa trei walioahidi na banda lililofungwa. Mjini huwezi kuachia kuku watembee hata hivyo: kuna sheria ndogo za halmashauri, kuna majirani na mboga zao, kuna magari.

Kuku wa nyama

Wiki tano au sita, kilo mbili, ameisha. Kila kuku anakula kilo tatu na nusu hadi nne, chakula cha dukani kitupu. Siku akifika uzito inabidi auzwe, kwa sababu kila siku ya ziada anakula faida. Kama huna mnunuzi aliyekwisha kukubali, na huna pa kugandisha nyama, usianze na huyu. Ni biashara ya mzunguko, na anayejifunza hulipa ada kubwa.

Chakula: hapa Singida unashinda

Mkoa huu ni wa alizeti. Mashine za kukamua mafuta ziko mjini na kwenye miji ya wilaya, na zinachoacha ni mashudu, chakula chenye protini ambacho mfugaji wa pwani anakinunua kikiwa kimeongezwa nauli. Ongeza mtama, uwele na pumba za mahindi, na sehemu kubwa ya chakula cha kuku mkubwa unaipata bila kugusa mfuko wa kiwandani.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, mashudu yana nyuzinyuzi nyingi, hasa yakikamuliwa pamoja na maganda. Yafaa kwa kuku mkubwa kama sehemu ya mchanganyiko. Kifaranga wa wiki za mwanzo mnunulie chakula cha kuanzia, hata ukikopa. Pili, mashudu peke yake hayatoshi kwa anayetaga. Anahitaji dagaa kidogo na chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa, vinginevyo maganda ya mayai yanakuwa laini.

Tatu, ukungu. Mahindi na mashudu yaliyoloa hutengeneza sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku naye inamuumiza ini na kumdumaza. Mfuko unaonuka uvundo au wenye mabonge ya kijani usiununue kwa nusu bei. Usiuchukue hata bure. Weka chakula juu ya mbao, mbali na ukuta.

Nunua nafaka baada ya mavuno, mwezi wa tano hadi wa saba, bei ikiwa chini. Debe lile lile mwezi wa pili, wakati ghala za watu zimekauka, linaweza kukushangaza. Lakini kumbuka msimu wa chakula rahisi ndio msimu wa baridi na upepo. Kwa hiyo ukianza Juni, anza na kuku wakubwa au wa mwezi mmoja. Kama umedhamiria vifaranga wa siku moja, hifadhi nafaka yako na usubiri hali ya hewa ipate joto.

Chanjo: gharama ndogo isiyokwepeka

Kideri, wengine wanauita mdondo, ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote ndani ya siku chache. Hauulizi kama ulinunua kienyeji au chotara. Kuku wa kienyeji husifiwa kuwa mgumu, na kwa mengi ni kweli, lakini kwa kideri hana ugumu wowote.

Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, huko Kibaha, inavumilia joto kuliko nyingine, kwa hiyo inafaa vijiji visivyo na friji. Bado, isikae juani. Ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Bei ya tone moja ni ndogo kuliko bei ya yai.

Gharama iliyojificha ni chupa. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, na ikishafunguliwa haihifadhiki kwa wiki ijayo. Ukiifungua kwa kuku sita, umelipia dozi nyingi za kumwaga. Kaeni majirani kumi, mchange, mchague siku moja, mchanje nyumba zote. Jirani asiyechanja ni hatari kwako pia, kwa hiyo ukimchangia hata yule asiye na fedha siku hiyo hujapoteza.

Kwa vifaranga, ratiba inayotumika sana ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, kisha ndui wakiwa na wiki sita hadi nane. Chanjo ya kwenye maji isichanganywe na maji ya bomba yenye dawa ya klorini, kwa sababu dawa hiyo inaiua. Tumia maji ya kisima safi. Mwulize afisa mifugo wa kata yako kabla ya kununua. Ushauri wake haukatwi kwenye mfuko wa chakula.

Kwenye mnada, mkononi mwako

Ukinunua kienyeji wakubwa, usinunue kwa macho. Mshike. Upanga na macho vinatakiwa kung'aa, pua zisiwe na kamasi, pumzi isikorome. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichomoza kama kisu, amekonda au mgonjwa. Mgeuze utazame nyuma. Manyoya yaliyogandamana na kinyesi cha kijani au cheupe yanatosha kumrudisha tengani. Tetea anayetaga, ile mifupa miwili ya nyonga inapitisha vidole viwili hadi vitatu kati yake, na pale pa kutokea yai pana unyevu. Ikiwa kidole kimoja hakipiti, bado ni mchanga au ameacha kutaga. Funua manyoya chini ya bawa uone viroboto na utitiri. Tazama na miguu: magamba yaliyoinuka ni ukurutu, na tetea mwenye kucha ndefu na ngozi ngumu ya miguu ni mzee.

Bei ikishuka ghafla wakati wa kiangazi, kuku wengi wakauzwa kwa haraka, jihadhari. Mara nyingi kideri kimeingia vijiji vya jirani na watu wanawahi kuuza. Rahisi ya siku hiyo ni ghali ya wiki ijayo. Na hata siku ya kawaida, kuku mgeni akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kwa vifaranga, kuna ujanja mmoja wa kuukimbia. Jogoo wa kuku wa mayai hawahitajiki kwa wazalishaji, kwa hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa, na wapo wanaowapeleka vijijini kwa jina la chotara. Hawatagi, hawanenepi, wanakula tu. Ukiona bei ni robo ya ile ya kila mtu, vifaranga wote wana rangi moja ya manjano, na muuzaji hana risiti, funga mkoba.

Uamuzi kwa fedha uliyonayo

Una laki moja na nusu: nunua kienyeji, matetea watano na jogoo mmoja, 92,000. Weka 30,000 kwenye ukarabati wa banda na tenga la vifaranga, 10,000 kwa chanjo ya kuchangia, 15,000 kwa chakula cha miezi mitatu. Zinabaki 3,000. Kwa walio wengi kijijini, huu ndio mwanzo ninaoupendekeza, na sio kwa sababu ya umaskini: ndiyo njia pekee ambayo kosa moja halikumalizi.

Una laki tatu: chotara 15 wa mwezi mmoja, 90,000, nauli na tenga 15,000, chakula cha kuchanganya nyumbani kwa miezi mitatu, kilo saba kwa kila kuku kwa 900, ni 94,500, chanjo 15,000, matetea watatu wa kienyeji wa kuatamia 42,000, banda 40,000. Jumla 296,500. Uza majogoo mara wakifika uzito, baki na matetea na jogoo mmoja. Usimkalie jogoo ukisubiri Krismasi kama ni Agosti; atakula bei yake yote.

Una laki sita na zaidi, uko mjini, na wanunuzi wa mayai wapo: kuku wa mayai 20. Vifaranga na chakula hadi kutaga 284,000, banda 150,000, vyombo 40,000, mkaa 20,000, chanjo na dawa 30,000, akiba ya chakula cha mwezi mmoja 100,000. Jumla 624,000. Ikipungua hata akiba ya chakula, rudi kwenye chotara.

Aina yoyote utakayoichagua, fuata mpangilio huu wa kutoa fedha: banda kwanza, chakula cha mwezi mmoja pili, mpango wa chanjo na majirani tatu, kuku mwisho. Anayeanza na kuku hujikuta anajenga banda huku wakifa. Kama wiki hii una fedha ya kuku tu, nunua mbao, wavu wa dirisha na gunia la mtama. Kuku wa Singida hawaishi. Mnada ujao watakuwepo.